Nusu ya Majani ni ya Nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huambiwa wafanyabiashara, lakini naona inawahusu wafugaji pia. Mfugaji huhesabu ng'ombe wake kila jioni. Majani hayahesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukue hekta moja inayotoa kilo 3,000 za majani makavu kwa mwaka. Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo sita na robo. Kwa mwaka ni karibu kilo 2,280. Basi hekta ile ingemtosha ng'ombe mmoja na ziada. Lakini wataalamu wa malisho hushauri nusu ya majani yaachwe, ili mizizi ipate nguvu na udongo usibaki uchi. Tukiacha nusu, ng'ombe huyo anahitaji hekta moja na nusu.

Swali langu ni hili: ile nusu tunayoiacha ni ya nani?

Hapa Rumonge jibu linaonekana kwa macho. Milima iko juu, Ziwa Tanganyika liko chini. Kilima kikibaki bila majani, mvua huteremsha udongo hadi ziwani na kuchafua maji ya ufukweni, ambako samaki huzaliana. Mvuvi asiye na ng'ombe hata mmoja analipa deni la mfugaji asiyemjua. Kwa hiyo nusu ile ni haki ya mvuvi, na ya watoto watakaorithi kilima.

Mtu atasema kwamba suala hili limekwisha, kwa kuwa sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2021, inakataza mifugo kuzurura nchini Burundi. Sikubali. Ng'ombe ameingia zizini, lakini majani bado yanakatwa mahali fulani. Mundu unaweza kumaliza kilima kama meno.

Pingamizi zito zaidi ni la maskini. Kwetu ng'ombe si nyama na maziwa tu. Hata salamu ya Kirundi, "amashyo", humtakia mtu makundi ya ng'ombe. Ni haki gani kumwambia mwenye ng'ombe mmoja apunguze? Nakiri kwamba si haki, ikiwa jirani yake ana kumi. Kipimo kinatuambia ng'ombe wangapi wanatosha. Hakituambii ni wa nani watakaobaki. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kuitunza kwa kanuni walizojiwekea na kuzisimamia wenyewe.

Naona basi daftari la majani lisikae ofisini peke yake. Lisomwe hadharani kilimani, mwenye mifugo mingi aanze kupunguza, na mvuvi naye aitwe kikaoni.