Nguo Ikirudi, Haki Nayo Irudi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona tumeacha masuala makubwa ya dini tukaja kuzungumza habari za dobi na fundi wa cherahani. Lakini dini yetu haikuishia mlangoni mwa msikiti. Vitabu vya fiqhi tuvisomavyo katika darsa vina milango ya kuuza na kununua na kuajiri, kama vilivyo na mlango wa udhu na wa Sala. Ajabu ni kuwa mtu huushika sana ule wa udhu, na huu mwingine akaupita kana kwamba haukuandikwa kwa ajili yake.

Siku chache kabla ya Idi iliyopita, mtu mmoja wa hapa Manda, ambaye kazi yake ni kuvusha wasafiri kwa mashua kutoka gati ya uwanja wa ndege, alikuwa na kanzu mpya ya pamba. Kitambaa chake alikinunua ng'ambo, na kabla ya kutoa fedha alimwuliza mwenye duka kama hurudi kikifuliwa, akaambiwa hakirudi kabisa. Akakipeleka kwa fundi. Fundi akapima, akakata na kushona siku ile ile, bila ya kukirowesha kwanza. Kanzu ikamkaa vizuri, akaivaa siku moja katika arusi, ikamwagikiwa na mchuzi. Na katika kisiwa chetu, kama mjuavyo, maji matamu ni adimu. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, sabuni haitoi povu, na doa la mafuta halitoki. Basi akaivusha kanzu kwa dobi, akamwambia wazi kwamba ni pamba na asiitie katika maji ya moto.

Usiku wa kuamkia Idi akenda kuichukua. Alipoijaribu, mikono ilikuwa imepanda karibu na viwiko, na upindo umesimama katikati ya miundi. Akamwonyesha dobi. Dobi hakuinua hata macho, alikuwa akihesabu pesa za mtu mwingine, akasema: "Mshukuru Mungu, Bwana. Kanzu fupi ni Sunna." Waliokuwapo wakacheka. Mwenye kanzu akalipa ujira kamili, kwani bila ya kulipa hakupewa. Akapita kwa fundi, fundi akasema shauri hilo ni la kitambaa. Akapita kwa mwenye duka, naye akasema mlaumu dobi, na tena bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Aliporejea kwa dobi mara ya pili aliambiwa neno la mwisho: ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Asubuhi yake aliswali Idi na kanzu yake kuukuu yenye kiraka begani.

Hasara yenyewe, ndugu zangu, watu wenye mali wataiona ni ndogo, japokuwa kwa mtu ahesabuye nauli moja moja si ndogo. Lakini katika kisa hiki mna mambo mawili yaliyo makubwa kuliko kanzu.

La kwanza ni kuifanya dini kuwa ngao ya kukimbilia deni. Kanzu isiyoburura ni Sunna kwa yule aliyeikusudia akashonewa hivyo. Haijawa Sunna kwa kuchemshwa na dobi bila ya ruhusa ya mwenyewe. Kulitaja jina la Mtume S.A.W. ili watu wacheke na mdai anyamaze ni utovu wa adabu kwa Mtume kabla ya kuwa utovu wa adabu kwa mteja. Ama kadari, tunaiamini, nayo ni nguzo ya imani. Lakini kadari haiondoi dhamana. Mwizi pia huiba kwa kadari, wala hakuna kadhi aliyemwachilia kwa hoja hiyo.

Imamu Shafii ametaja kisa cha Kadhi Shuraih wa Kufa. Dobi mmoja nyumba yake iliungua pamoja na nguo za watu, Shuraih akamtoza dhamana. Dobi akalalamika vipi atozwe na hali nyumba yake imeungua. Shuraih akamwuliza: je, lau iliyoungua ni nyumba ya mwenye nguo, yeye dobi angemsamehe ujira wake? Wanavyuoni wamekhitalifiana katika hukumu ile, lakini swali lake linamfaa kila mtu mwepesi wa kutaja kadari katika hasara ya mwenzake.

Jambo la pili ni hukumu yenyewe. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kauli iliyo na nguvu ni kwamba mkono wa fundi na dobi ni mkono wa amana. Nguo ikiharibika bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliwatoza dhamana mwosha nguo na mtia rangi, akiona kwamba watu hawatatengenea ila kwa hivyo. Lakini Imamu Shafii amesema njia ya riwaya hiyo haithibiti kwa watu wa hadithi. Wengi wanaijua kauli hii ya Imamu na wanaipenda. Wasilolijua ni alilolisema mwanafunzi wake Rabii bin Suleiman, kwamba Imamu alikuwa na rai hii wala hakuwa akiidhihirisha, kwa kuwachelea mafundi waovu. Yaani Imamu mwenyewe alihofu kwamba rukhsa aliyoiona ni haki kwa fundi mwaminifu itakuja kushikwa na asiye mwaminifu akaifanya kichaka cha kujifichia. Na hofu hiyo tumeiona kwa macho yetu, usiku wa kuamkia Idi.

Tena tusome vizuri. Kutolipa kumefungamanishwa na kutozembea. Mwenye kukiuka sharti la mwenye mali, au akafanya lile ambalo watu wa kazi ile wanajua kuwa linaharibu, huyo amevuka mpaka, na dhamana iko juu yake hata kwa madhehebu yetu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaji suala la fundi aliyeshona nguo kwa namna moja, na mwenyewe akasema aliagiza namna nyingine. Kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba husadikiwa mwenye nguo kwa kiapo chake. Fundi hapati ujira, na hulipa upungufu wa thamani. Minhaji hii hii ndiyo isomwayo katika misikiti yetu ya pwani.

Basi, je, kurudi kwa nguo ni jambo la ghaibu lisilojulikana? La. Uzi wa pamba huvutwa kwa nguvu unapofumwa na kitambaa kinapotengenezwa kiwandani, kikakauka hali kimenyooka. Kikipata maji na moto, nyuzi hulegea zikarejea katika urefu wake wa asili. Kwa hiyo wazee wetu walisema kweli waliposema nguo "imerudi". Sufu nayo ina magamba madogo katika nyuzi zake, na ikisuguliwa katika maji ya moto magamba hushikana, nguo ikawa nzito na ndogo, wala haivutiki tena. Haya yanajulikana kwa kila mwenye kazi hii. Ajuaye kisha akachemsha, tena baada ya kukatazwa, huyo hana wa kumsingizia.

Na wengine wawili wasidhani wamesalimika. Mwenye duka alisema asilolijua, au alilolijua kuwa si kweli. Mtume S.A.W. alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani akakuta umajimaji uliofunikwa, akamkaripia mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim, baraka ya biashara imefungwa na kusema kweli na kubainisha, na huondoka kwa kuficha na kusema uwongo. Lau mnunuzi angalijua mapema, kabla ya kitambaa kukatwa, angalikuwa na hiari ya kukirejesha. Ama fundi, kukirowesha kitambaa na kukianika kabla ya mkasi ni kazi ya usiku mmoja. Aliiacha ili apate ujira wa haraka.

Zamani katika miji ya Kiislamu alikuwako muhtasibu, mwangalizi wa soko. Shaizari, aliyeandika kitabu cha kazi hiyo katika karne ya 12, anaagiza kwamba fundi akiletewa nguo ya thamani asiikate mpaka aipime uzani, kisha airejeshe kwa uzani ule ule. Leo hatuna muhtasibu. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, yamewekewa mipaka katika ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hali ya mtu. Kesi ya kanzu haimo. Kweli kifungu cha 46 cha Katiba hiyo hiyo kinampa mnunuzi haki ya huduma iliyo njema, ya kupewa habari zimfaazo, na ya kulipwa hasara yake, na sheria ya kumlinda mnunuzi ikatungwa mwaka 2012. Lakini nani atakayeacha mashua yake siku tatu afuate wakili kwa kanzu moja? Kwa hivyo haki za wanyonge zimebakia kulindwa na khofu ya Mungu peke yake. Pale ilipo khofu, haki ipo. Pale ilipoondoka, hubaki kicheko.

Wala hatusemi haya ili kuwaonea mafundi. Wengi wao ni watu wema wanaokesha mwezi mzima wa Ramadhani ili sisi tupendeze siku ya Idi. Na wateja nao wana makosa yao. Yuko apelekaye nguo mbovu akadai imeharibiwa na dobi. Yuko aiachaye kwa fundi miezi sita, kisha akaja kugombana kwa vumbi. Yuko avaaye kanzu aliyoshonewa kwa mkopo, akaswali nayo Idi mbili na fundi hajalipwa, na hali Mtume S.A.W. ametuamrisha tumpe mwajiriwa ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Haki ina pande mbili.

Basi nasaha yetu ni hii. Mwenye duka aseme kweli, na asilolijua aseme silijui. Fundi aroweshe kabla ya kukata, au amwambie mteja akaroweshe mwenyewe. Dobi aulize ni nguo gani kabla ya kutia katika maji, na akikosea akiri, arejeshe ujira, na wapatane juu ya upungufu wa thamani mbele ya mtu wa tatu mwadilifu. Mteja abainishe, alipe, na achukue kwa wakati. Na wote wasemezane vizuri, kwani Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara ameliunganisha agizo la kuwaambia watu maneno mema na agizo la kusimamisha Sala. Mwenye hasara akijibiwa kwa upole, nusu ya hasara yake huondoka. Akichekwa, huwa hasara mbili.

Kanzu ile sasa huivaa mwana wa yule mwenye mashua akenda nayo chuoni, nayo yamkaa sawasawa. Babake ameniambia kwamba fedha amekwisha samehe, lakini kile kicheko cha usiku wa Idi hakijamtoka moyoni, na hajui kama ataweza kukisamehe. Basi dobi yule, na kila mmoja wetu mwenye kicheko kama hicho shingoni mwake, na avuke maji leo akaombe radhi, kabla haijafika siku ambayo hapatakuwa na mashua ya kuvukia wala fedha ya kulipia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Amin. Wa billahi taufiki.