Je, Kumpa Kijana Ndiko Kumsaidia?

Mara nyingi twadhani kumsaidia kijana ni kumpa kitu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilishika njia nyingine: timu iliyozoa taka na kusafisha mitaro ya mtaa ilipata pointi za ligi, kama vile iliyoshinda mechi. Vijana walidaiwa kazi. Hiyo nayo ni heshima, kwa maana anayepewa tu hudhani hana analoweza, bali anayedaiwa hujua anategemewa.

Basi tunapoombwa kujiunga na klabu ya vijana wetu, tusitoe mchango na kuondoka. Nasi tushike beleshi. Tutawadaije vijana jasho, ikiwa la kwetu tumelificha?