Kujitunza siyo ubinafsi



Vijana wenzangu, leo naomba tuongee jambo ambalo mimi nimelijifunza kwa kuchelewa. Nilikuwa katibu wa vijana parokiani, naimba kwaya, na jumuiya ikikosa mtu wa kuongoza rozari wananipigia mimi. Mchana kazini, jioni mazoezi, usiku kujibu ujumbe kwenye simu. Kula? Chai na andazi, nikikumbuka. Ungeniuliza, ningekwambia namtumikia Mungu.

Dominika moja, katikati ya Misa, tumbo likanibana, nikatolewa nje nimeshikwa mikono. Vidonda vya tumbo. Daktari aliponiuliza huwa nakula saa ngapi, sikuwa na jibu. Nimerudi nyumbani, bado nawaza nani ataandaa ratiba ya mafungo. Mama akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hivi hilo Kanisa ulilianzisha wewe?"

Jamani, lile swali liliniuma kuliko tumbo. Kumbe nilichokuwa nakiita sadaka kilikuwa na kiburi ndani yake. Nilipenda kuitwa. Nilipenda kusikia "bila wewe tungefanyaje?" Niliogopa kwamba nikikaa pembeni wiki moja, mambo yataenda tu bila mimi.

Wengi tunasema kinachotuzuia kujitunza ni muda. Kwa sehemu ni kweli. Yupo kijana anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, akirudi usiku ana wadogo zake wa kulisha. Huyo siwezi kumwambia "pumzika" nikaondoka zangu. Lakini kwa wengine wetu kizuizi ni hofu ya kusema hapana, na aibu ya kuomba msaada.

Je, kujitunza ni ubinafsi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na tunapaswa kuzitunza kwa busara tukizingatia mahitaji ya wengine. Ona hapo: tumekabidhiwa. Mali ya kukabidhiwa huiharibu kwa sababu tu una bidii. Namba inayofuata inatuonya upande wa pili, tusiufanye mwili kuwa mungu. Kwa hiyo simaanishi kujipendezesha kwa ajili ya picha, wala kulala wakati jirani anaita. Hata kuperuzi simu hadi saa nane usiku siyo kupumzika. Mimi huwa naamka nimechoka zaidi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, pamoja na elimu yake yote, alipoandika juu ya dawa za huzuni alitaja pia usingizi na kuoga. Mambo ya kawaida kabisa!

Ila anayenigusa zaidi ni nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19. Amechoka hadi anaomba afe. Mungu hamkemei, wala hamwambii aongeze sala. Malaika anamletea mkate na maji. Anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Ndipo anapata nguvu ya kutembea siku 40 hadi Horebu.

Nilisoma habari hiyo mara nyingi bila kuona kitu kimoja: Eliya hakujipikia. Aliletewa. Aliyechoka kabisa hawezi kujitunza peke yake. Basi yule wa daladala anahitaji mkate, siyo mawaidha. Tumbebee ndoo ya maji, tukae na wadogo zake Jumamosi moja alale. Na wewe uliyezoea kuwa malaika wa wengine, siku ukiletewa mkate, kubali kula.

Ile ratiba ya mafungo aliandaa mwenzangu. Wimbo mmoja ulisahaulika, na hakuna aliyepoteza imani. Siku hizi nakula mchana, na siku moja kwa wiki nazima simu mapema, nasali, nalala. Bado nafsi hunisuta. Nikisutwa, nakumbuka swali la mama.

Wewe je, leo umekula?

Mungu awabariki.