Faili Iliyofungwa Tusiifungue



Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu haimwandikii mtoto dhambi mpaka abaleghe. Na aliyebaleghe akakosa, kisha akatubu kweli, Mola humfutia.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 nayo iliweka mahakama ya watoto. Kesi husikilizwa faraghani, na aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na jinai.

Basi kwa nini faili aliyoifunga hakimu tunaifungua sisi mtaani? Kijana ametubu, amerudisha mali ya watu, akija kuomba kazi au kuposa, tunasema: "Si ndiye yule mwizi?" Akinyimwa kila mlango, atarudi wapi?

Msitiri ndugu yako, Allah akusitiri. Mwite kijana kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq.