Uzuri wa Kitu Kilichoporwa

Je, ni halali mtu kufurahia uzuri wa kitu kilichoporwa? Swali hili hatukulitoa katika vitabu vya seminari. Tuliulizwa na msichana wa miaka 16, mzaliwa wa Moba, tulipowasindikiza wanafunzi wetu kwenda Ubelgiji mwaka 2023. Siku ile hatukuwa na jibu.

Asubuhi tulikuwa Bruxelles, katika nyumba ya makumbusho ya sanaa. Vyumba ni vingi, na miguu ilichoka upesi. Kumbe macho nayo huchoka. Jambo hilo tulikuwa hatujalijua. Lakini mbele ya picha moja watoto walisimama hata sisi wakubwa tukatafuta kiti. Ni picha ya Bruegel, aliyoipaka rangi juu ya ubao mwaka 1566: watu wanahesabiwa Betlehemu kwa amri ya Kaisari. Ila Betlehemu yenyewe ni kijiji cha Flandria. Theluji imefunika mapaa, watu wanachinja nguruwe, watoto wanacheza juu ya barafu. Bikira Maria yumo, amepanda punda, na Yosefu anatangulia na msumeno begani. Hakuna anayewatazama. Mvulana wetu mmoja aliwatafuta sana, na alipowaona alipiga kelele hata mlinzi akaja. Tulifurahi, na furaha yetu haikuwa na doa. Picha ile iko kwao. Waliopakwa rangi pale ni kama babu za watu wanaopita nje barabarani.

Alasiri tulipanda tramu mpaka Tervuren, kwenye nyumba ya makumbusho ya Afrika. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1910, likafungwa mwaka 2013 ili litengenezwe, likafunguliwa tena Desemba 2018. Katika ukumbi wa mviringo kuna kichwa kikubwa cha mbao, kazi ya Mkongomani mwenzetu Aimé Mpane. Kazi yake nyingine humo ni fuvu, ukumbusho wa Lusinga.

Watu wa Tanganyika wanalijua jina hilo. Lusinga alikuwa sultani wa Watabwa, upande wa Mpala. Tusimfanye mtakatifu, maana alikamata watu na kuwauza. Desemba 1884 askari wa Émile Storms, afisa Mbelgiji, walishambulia kijiji chake, wakamwua, wakamkata kichwa. Storms alilipeleka fuvu Ulaya, pamoja na sanamu ya mbao ya mzee wa ukoo wa Lusinga. Sanamu hiyo ni mali ya nyumba ya Tervuren hata leo.

Msichana wetu alisimama mbele ya sanamu za mbao za watu wa kwetu, zimefungiwa ndani ya kioo, taa zinaziangaza. Akanong'ona, «Mwalimu, ni nzuri mno. Lakini nikisema ni nzuri, si namsifu aliyezileta?»

Tangu siku ile tumefikiri hivi. Mchongaji hakuiba. Alichagua mti wake, akauchonga kwa subira, akampa mzee uso wa amani. Tukikataa kuuona uzuri huo kwa ajili ya ubaya wa mwingine, tunamnyang'anya mchongaji mara ya pili. Bali furaha isiyouliza kitu kimetoka wapi yafanana na furaha ya mtu anunuaye mbuzi usiku kwa bei ndogo. Kila mtoto wa katekisimu anajua kwamba aliyeiba hatoshi kuungama tu; yampasa kurudisha.

Wengine husema: vikirudi kwenu vitaliwa na mchwa. Pengine ni kweli. Lakini jirani hapati ruhusa ya kutwaa ng'ombe wangu kwa sababu zizi langu limebomoka. Mwaka 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Wasuku kiitwacho Kakungu, kwa mkopo. Mwenye mali anaazimwa mali yake!

Ni rahisi kusema hayo juu ya watu wa Tervuren. Lakini mwaka 1885 Storms aliiacha ngome yake ya Mpala mikononi mwa Mapadri Weupe, na humo mision ikaanza. Ndani ya kuta za mtu yule watu wetu walifundishwa sala. Je, nasi si wapokeaji? Hatuwezi kuurudisha ubatizo, wala hatutaki. Lakini tumewafundisha watoto mara ngapi habari za Mpala, tukaanza mwaka 1885, kana kwamba mwaka 1884 haukuwapo? Sisi wenyewe tumefanya hivyo miaka kumi.

Ndani ya tramu msichana alichora sanamu moja katika daftari lake. Alituuliza jina la aliyeichonga, apate kuliandika chini. La Bruegel tulilisoma asubuhi ile karibu na picha. La mchongaji huyu halikuandikwa popote. Basi akaacha nafasi tupu.

Wakati wa likizo aliipeleka karatasi hiyo Moba kwa nyanya yake. Alitusimulia kwamba nyanya aliitazama kitambo bila kusema neno, halafu akaigeuza ili aone mgongo wa sanamu.