Samaki Mbichi na Nafsi ya Kijana: Uasi wa Rosa na Maimuna

Methali isemayo "samaki mkunje angali mbichi" hutajwa aghalabu pindi suala la malezi linapozuka. Hekima yake inafahamika. Hata hivyo, limo ndani yake jambo lisilosemwa na wanaoitumia: samaki akunjwaye hana uhai. Hakunjiki kwa kuwa ameridhia, bali kwa kuwa hana tena uwezo wa kukataa. Kijana yu hai, na anaweza kukataa. Swali linalozuka hapa ni la kimaadili na la kifalsafa kwa pamoja: je, msichana anayeukataa mkunjo aliowekewa na jamii kwa sababu ya jinsia yake, huwa amejipata, au huwa amekunjwa upande wa pili?

Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu vijana na utambulisho, alishikilia kuwa ujana ni kipindi cha mgogoro ambamo mtu huhitaji muhula wa kujaribu nafsi mbalimbali kabla ya kufungwa na ahadi za utu uzima. Lakini Erikson huyohuyo alidokeza kuwa sehemu ya utambulisho wa msichana hubaki wazi ikimsubiri mwanamume atakayeungana naye. Carol Gilligan aliikosoa nadharia hii mwaka 1982 kwa kumfanya mwanamume kuwa kipimo cha ukuaji wa binadamu wote. Uhakiki huo unatuelekeza kwenye riwaya mbili za Kiswahili ambamo muhula huo wa kujaribu umenyimwa wasichana waziwazi.

Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Zakaria, baba mlevi asiyeihudumia nyumba yake, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume kabla hajapata fursa ya kuwajua. Akiwa mbali na macho ya baba, chuoni Morogoro, woga unageuka kuwa kinyume chake, naye anajitosa katika mapenzi yasiyo na mipaka. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anafungiwa ndani na Maksuudi, baba ambaye heshima yake ya hadharani inaficha uovu wake. Anapotoroka, anaangukia danguroni kwa Mama Jeni.

Wasomaji wengi huzisoma hatima hizi kama adhabu ya uasi. Usomaji huo una udhaifu. Ukichunguzwa kwa makini, uasi wa wasichana hawa bado umeandikwa na baba zao. Zakaria alimfundisha Rosa kuwa yeye ni mwili wa kulindwa; Rosa akaasi kwa kuutoa mwili huohuo. Hakuna aliyemfundisha kuwa yeye ni zaidi ya mwili. Kilichopinduliwa ni amri; kipimo kilibaki palepale. Ndiyo maana, mwishowe, mchumba anapomkataa kwa kuwa si bikira, Rosa hana msingi mwingine wa kujithamini, naye anajiua.

Huenda ikadaiwa kuwa waandishi hawa wanawalaumu wazazi na wala si wasichana. Dai hilo ni la kweli, lakini halitoshelezi. Riwaya inayomwonya baba kwa kumwangamiza binti bado inamtumia binti kama chombo cha funzo la mtu mwingine. Katika hili Utengano inapiga hatua zaidi, kwa kuwa inamruhusu Maimuna kurudi kutoka alikoangukia na kuishi. Hata hivyo, kurejea kwake kunakamilika kwa ndoa na Kabi, kana kwamba msichana hawezi kusimama penye utu bila ya mwanamume wa kumthibitisha.

Ulinganisho na Utenzi wa Mwana Kupona (1858) unafaa hapa. Utenzi huo, ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye Mwana Hashima, unahimiza utiifu wa mke kwa mume, na kwa sababu hiyo umelaumiwa na wahakiki wa mtazamo wa kike. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini namna ya kutolewa kwa wasia huo ni tofauti kabisa na namna ya Zakaria na Maksuudi. Mama anamketisha binti, anamweleza sababu, anamhutubia kama mwenye akili ya kuelewa. Isitoshe, mwanamke anayehimiza unyenyekevu ndiye huyohuyo anayetunga, anayefundisha na ambaye sauti yake ingali inasikika baada ya zaidi ya karne moja na nusu. Kitendo cha kutunga kinaupita ujumbe uliotungwa.

Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima. Wasia unaweza kujibiwa. Kufuli huweza kuvunjwa tu. Kijana aliyelelewa kwa hoja, hata hoja zenye upendeleo wa kijinsia, amepewa silaha ya kuzipinga. Aliyelelewa kwa fimbo amefunzwa kuvunja pekee, na anayevunja bila kufunzwa kujenga hubaki nje bila makao. Ni kweli kwamba jibu la Mwana Hashima halimo utenzini. Kukosekana kwake ni deni ambalo fasihi ya Kiswahili bado inadaiwa.

Deni hilo linawahusu wavulana pia. Zakaria na Maksuudi hawakuzaliwa wakiwa na fimbo na kufuli mikononi. Nao walikunjwa wangali wabichi, wakaambiwa kuwa mwanamume ni yule anayetiiwa. Kwa hiyo, mwalimu anayewauliza wanafunzi wake iwapo Rosa ana makosa amekwisha kukubali kipimo cha Zakaria kabla ya mjadala kuanza. Swali la haki zaidi ni hili: ni nani aliyempa Rosa nafasi ya kujibu?