Kigari cha Mjukuu

Ruanda ninayoiandika hapa si ile nchi jirani yenye milima elfu. Ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sisi wazee ulimi bado hututeleza tukajiita watu wa Mbeya. Huku tunalima kahawa na mahindi, na vitu vingi vya dukani hutufikia kutoka Tunduma, mpakani na Zambia. Huko Tunduma ndiko kilikotoka kile kigari.

Msomaji huenda unakijua. Ni kiti cha kitambaa chenye matundu mawili ya kupitisha miguu, kimezungukwa na duara la plastiki, na chini yake kuna magurudumu. Mtoto asiyejua kutembea hutiwa humo, vidole vya miguu vikigusa sakafu, naye akisukuma kidogo tu anakwenda. Mitaani wanakiita woka.

Mjukuu wangu alikuwa na miezi minane. Alikuwa anakaa vizuri na ameanza kutambaa, lakini kusimama dede alikuwa bado. Mtoto wa jirani, wa rika lake, tayari alikuwa anajiinua kwa kushika kigoda. Jambo hili lilinikera kuliko nilivyokubali kusema. Nikatoa wazo la kigari. Mkwe wangu alisita.

"Baba, si atatembea tu siku yake ikifika?" aliniuliza.

Nikamjibu kama mtu aliyesoma: dunia ya leo haingoji siku ifike. Nikatoa fedha za kahawa, kigari kikanunuliwa. Tulikichagua kwa mambo matatu: rangi yake, kile kinanda kidogo kinacholia mbele ya mtoto, na bei. Hakuna aliyekumbuka kuitazama nyumba yetu. Nyumba yetu ina baraza la saruji, baraza lina ngazi tatu za kushukia uani, na uani ndiko yaliko mafiga.

Siku moja wakati wa kuchuma kahawa mkwe wangu aliniachia mtoto. Nilimtia katika kigari pale barazani, nikakaa kwenye kiti na redio yangu. Nataka nieleweke: sikulala, wala sikuondoka. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Taarifa ya habari ilipoanza niliinama kuongeza sauti. Nikasikia magurudumu yakikwaruza saruji. Nilipoinua macho alikuwa ukingoni, na nilipoinuka alikuwa chini, kigari kimempindukia. Paji la uso lilipasuka. Alishonwa, na usiku ule alilazwa ili aangaliwe kichwa. Alipona, ashukuriwe Mungu. Kovu limebaki juu ya nyusi ya kushoto.

Mkwe wangu hakunilaumu. Alisema, "Baba, ni bahati mbaya." Yeye alilisema kwa heshima, lakini neno lile lilinikosesha usingizi kuliko lawama. Bahati mbaya ni nini, na kosa ni nini? Mpaka kati ya viwili hivyo unapita wapi?

Nilianza kutafuta, na nikagundua kwamba bahati mbaya yangu ilikuwa imehesabiwa zamani. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikadiria kwamba kuanzia 1990 hadi 2014 watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya nchi hiyo kwa ajili ya vigari hivi. Tisa kati ya kila kumi waliumia kichwa au shingo. Takriban robo tatu walikuwa wameanguka kwenye ngazi. Kanada, mwaka 2004, ilipiga marufuku kuviuza, kuviingiza nchini na hata kuvitangaza, vipya na vilivyotumika.

Jambo lililonigusa zaidi lilitoka kwa madaktari wa watoto wa Marekani. Walisema kwamba wengi wa watoto hao huumia wakati mtu mzima yupo na anawaangalia. Mtoto ndani ya kigari huweza kwenda karibu mita moja kwa sekunde moja. Hakuna babu mwenye magoti ya kuiwahi sekunde hiyo.

Kwanza nilifarijika. Kama hata kijana mwenye macho makali angechelewa, basi kosa si langu. Lakini faraja hiyo haikudumu, kwa kuwa ilinilazimisha kurudi nyuma zaidi. Ikiwa macho hayatoshi kumlinda mtoto aliye katika kigari, basi kosa halikufanyika nilipoinama kwenye redio. Lilifanyika siku niliyomtia mtoto mwendo usiokuwa wake. Mtoto anayetambaa hufika ukingoni kwa kasi ya mikono na magoti yake, na kasi hiyo mkono wa mtu mzima unaiweza. Mimi nilimpa kasi kubwa kabla hajapata nguvu ya kuizuia. Halafu nikajiaminisha kwamba kumtazama kunatosha.

Na kwa nini nilimpa? Hapa ndipo panapouma. Si kwa ajili yake. Mtoto hakuwa na habari kwamba mwenzake wa jirani amesimama. Aliyeshindana ni mimi. Yapo mengi tunayowafanyia watoto na kuyaita mapenzi, kumbe ni fahari zetu tunawabebesha wao: kumsukuma darasani kabla ya umri wake, kumkataza lugha ya nyumbani ili aongee ya wageni mapema. Kipimo changu siku hizi ni swali dogo: mtoto angekuwa peke yake duniani, bila jirani wa kulinganishwa naye, je, ningemfanyia jambo hili?

Tena hata haraka yenyewe haikuwa na faida. Mwaka 2002 watafiti wa Ireland walichapisha habari za watoto wachanga 190. Kwa kila saa 24 ambazo mtoto alikaa katika kigari, ukizijumlisha, kusimama bila kushikwa kulihusiana na kuchelewa siku 3.7, na kutembea siku 3.3. Nilinunua kitu cha kumwahisha, kikawa cha kumchelewesha. Na tulikuwa hatujachelewa popote. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nzuri wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo: wapo wanaotembea wakiwa na miezi minane na siku chache, na wapo wanaongoja hadi zaidi ya miezi kumi na saba. Wote ni wazima.

Je, basi tuwaache watoto wajiotee kama magugu, bila kuwasaidia? La. Mwaka 1976 mtaalamu Charles Super aliandika juu ya Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet, Kenya. Kina mama wa huko walikuwa na desturi ya kuwafundisha watoto kukaa na kutembea, na lugha yao ilikuwa na maneno maalumu ya mafunzo hayo. Watoto wao walikaa, wakasimama na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Kimarekani. Katika kutambaa, jambo ambalo halikufundishwa sana, hawakuwatangulia. Kwa hiyo msaada unafaa, ila msaada wenyewe ulikuwa mikono ya mtu. Mkono unaomshika mtoto unasikia goti likilegea, nao hulegea au hukaza kwa kadiri ya mtoto mwenyewe. Gurudumu halisikii kitu.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Kigari kile kiliondoa kujikwaa kote: mtoto hayumbi, hakai chini kwa kishindo, hajiinui tena. Kikabakiza kuanguka tu, tena kwa mara moja na kutoka juu. Nadhani ulezi mwema ni kinyume chake: kumwachia mtoto vijikwazo vingi vidogo, na kumzuilia maanguko yale machache makubwa.

Najua pia kwamba ni rahisi kuhubiri ukiwa umekaa barazani. Yupo mama mwenye genge la nyanya, hana dada wa kumsaidia, mgongo unauma kwa mbeleko, na kigari humpa nusu saa ya mikono mitupu. Simhukumu. Mikono yake ni miwili. Lakini ningemwambia kwamba nusu saa hiyo inaweza kupatikana kwa mkeka uliotandikwa mahali salama, uliozungushiwa mabenchi au makreti, na sufuria mbili za kugonga. Mtoto atalia kidogo. Ni afadhali kilio hicho.

Mjukuu wa pili alipofika umri uleule, wakaniuliza kama natoa tena fedha za kigari. Nilikwenda kwa fundi seremala. Nilimwomba kigari cha kusukuma, kile ambacho mtoto husimama nyuma yake kwa miguu yake mwenyewe, akishika mpini. Safari hii nilikuwa na masharti: kitako kiwe kipana na kizito ili kisipinduke mtoto akijiinua, magurudumu yawe mazito kuzunguka, yasikimbie, kingo zipigwe msasa, msumari usitokeze, na rangi isiwe na madini ya risasi. Kisha nikafanya lile nililolisahau mara ya kwanza: nikaitazama nyumba. Tulitia kijilango cha mbao juu ya ngazi, na tukakubaliana kwamba kigari kinatolewa tu wakati mafiga na jiko la mkaa viko mbali, na mtu mmoja amekaa chini, karibu kiasi cha kumgusa mtoto. Hatukumtia humo kabla hajasimama mwenyewe kwa kushika ukuta. Kile cha plastiki sikukiuza wala kumpa mtu. Nilikivunja, magurudumu nikayatupa mbalimbali.

Yule wa kwanza sasa anasoma shule ya msingi, na anakimbia kuliko wenzake wengi. Juzi alijitazama kwenye kioo, akagusa nyusi yake, akauliza, "Babu, hili kovu nililipataje?"

Mama yake alikuwa karibu, akaanza kusema, "Ulianguka tu, mwanangu." Nikamwomba aniachie nijibu. Nilimweleza mtoto yote: jirani, kahawa, Tunduma, redio. Nikamwambia kwamba babu yake alikuwa na haraka, na haraka ile haikuwa ya kwake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama kigari kilikuwa chekundu. Nikamwambia ndiyo, kilikuwa chekundu. Akatoka kwenda kucheza, akishuka zile ngazi tatu kwa mruko mmoja, nami nikajizuia kumwita.